Mshale wa Fundi Kinyume

Ndugu wafiwa, majirani wa mtaa wa kituo cha zamani, mafundi wenzetu wa saa na wa vyuma vidogo vidogo, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii mkaja kukaa nasi chini ya turubai, familia inawashukuru, na inawaomba utulivu ili isomwe historia ya dada yetu, mama yetu na bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Fundi Kinyume. Anayeisoma ni mdogo wake wa pekee, naye fundi saa, na ameomba humu ndani aitwe mdogo wake, basi, kwa sababu amejaribu nyumbani mara mbili kuisoma kwa kusema mimi, na mara zote mbili hakufika ukurasa wa pili.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake lililokuwa linatazamana na posta, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi saa na mke wake mshona mapazia, na inasemekana mkunga alipouliza ni saa ngapi ili aandike kwenye kadi, baba alizitazama saa thelathini na mbili zilizokuwa ukutani akashindwa kujibu, maana zote zilikuwa zinasubiri matengenezo na hakuna mbili zilizosema kitu kimoja, ikabidi mtu atumwe posta kwenda kuuliza. Mdogo wake alifuata tarehe 2 Agosti 1957, na yeye kwa bahati nzuri alizaliwa hospitalini.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la reli, kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1965, na kwa kuchelewa hakuwa na mpinzani, jambo ambalo mwalimu mkuu alilichukulia kama dhihaka, kwamba binti wa fundi saa ndiye anayeingia darasani wa mwisho kila siku, mpaka mama alipokwenda mwenyewe kueleza kuwa mtu akiishi na saa thelathini na mbili huchagua ile inayompendeza. Mwaka 1966 alijiunga na sekondari ya wasichana iliyo juu ya mteremko, akamaliza Novemba 1969 akiwa na alama nzuri za hesabu na fizikia, na alama za aibu katika somo la kuimba, maana sikio lake lilikuwa la kusikia jino la gurudumu lililolika, mambo ya kupatanisha sauti hayakumhusu.

Kazi aliianza rasmi tarehe 5 Januari 1970 katika duka hilo hilo, ingawa baba alikuwa amepanga duka liwe la mtoto wa kiume, na mdogo wake anakiri hapa mbele yenu kwamba kwa miaka hiyo yote alikuwa bingwa wa kuangusha skrubu, na dada yake ndiye aliyekuwa anapiga magoti na sumaku kuzitafuta chini ya meza bila kumsemea kwa baba. Baba alikuwa na sheria mbili tu za kazi. Ya kwanza, fundi akishafungua saa na kumaliza kazi yake, achukue ncha ya sindano akwaruze kwenye bamba la ndani, pale nyuma ya uso wa saa, tarehe na kazi aliyoifanya, kwa maandishi madogo yasiyosumbua mtu, ili atakayefungua baada yake ajue nani alipita na kwa nini. Ya pili, fundi asisahihishe kazi ya mwenzake kabla hajatoa uso wa saa na kusoma alama za waliomtangulia, hata kama kosa linaonekana kwa macho, hata kama ni kazi ya dakika tano. Mdogo wake aliikariri sheria hiyo ya pili akiwa na miaka kumi na miwili, na katika maisha yake yote aliivunja mara moja, na mara hiyo moja itakuja kusomwa hapa.

Kati ya saa zote zilizopita mikononi mwa baba, aliyoipenda kuliko zote ni hiyo mnayoiona mezani karibu na picha ya marehemu, saa ya safari, kisanduku cha shaba kinachoenea kwenye viganja viwili, vioo pande zote nne na mpini juu, ambayo aliachiwa mwaka 1963 na mwalimu wa muziki aliyekuwa anahama na hakutaka ivunjike kwenye mizigo, ajabu, kwa sababu saa za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya kusafiri, enzi za magari ya farasi, na ndiyo maana juu yake kuna kitufe, ili abiria aliye gizani akikibonyeza, kengele imrudie hesabu ya saa iliyopita. Mafundi mtuvumilie kidogo, wengine waelewe. Ndani ya saa hiyo kuna kipande cha chuma chenye ngazi kumi na mbili, kimejikunja, nasi tunakiita konokono, na kuna mkono wenye meno unaokiangukia, ukiangukia ngazi ya juu nyundo inagonga mara moja, ukiangukia ya chini kabisa inagonga mara kumi na mbili, na konokono huyo anazunguka pamoja na mshale mfupi hatua kwa hatua, kwa hiyo kengele haiwezi kupotea njia yenyewe, na ukiona mshale unasema hivi na kengele inasema vile, ujue hapo umepita mkono wa mtu.

Baba alifariki tarehe 30 Juni 1978, akiwa kwenye kiti chake cha kazi na kioo cha jicho bado kimebana usoni, na duka likabaki mikononi mwa marehemu.

Kuhusu ndoa, ingebidi itangulie kidogo, lakini marehemu mwenyewe alikuwa akisema yeye aliolewa katikati ya kazi, kwa hiyo na sisi tumeiweka hapa. Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Novemba 1975 na mpiga chapa wa kiwanda cha vitabu, kijana mpole aliyekuwa na vidole vyeusi wino usiotoka, ambaye alileta dukani saa ya mezani iliyokuwa inamwamsha kwa kuchelewa, ikatengenezwa, akairudisha wiki iliyofuata, ikaonekana nzima, akairudisha tena, na mara ya nne baba alimwambia binti yake kwamba hiyo saa haina ugonjwa wowote, mgonjwa ni mwenye saa, amhudumie au amfukuze. Wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1977, ambaye leo ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1980, ambaye ni fundi umeme, na wajukuu wanne. Mpiga chapa alitangulia tarehe 17 Februari 2009, na tangu siku hiyo ile saa yake ya mezani ilikaa kichwani mwa kitanda cha marehemu, haijawahi kuharibika.

Turudi nyuma sasa, mwaka 1979, kwa sababu pale ndipo panapouma. Mwezi Machi mwaka huo ilikuja barua kutoka chuo cha mafundi saa cha nje, mafunzo ya miaka mitano, nafasi moja, na jina lililoandikwa juu ya barua lilikuwa la marehemu, aliyekuwa ametuma maombi tangu baba angali hai. Yeye akajibu kwa kuomba nafasi hiyo apewe mdogo wake, akaeleza kwamba ana mtoto mdogo na mama ambaye macho yake yanakwisha, na mdogo wake akakubali, tena haraka kuliko ilivyofaa, hakumuuliza hata mara moja kama anaumia. Akafunga begi, akaenda zake, na barua alizoandika kutoka huko zilikuwa za kujisifu tupu, mashine hii, profesa yule, na za dada yake zilikuwa fupi, mama hajambo, saa ya mahakama imepata springi mpya, vaa nguo nzito.

Ambacho barua hizo hazikusema ni kwamba mwanzoni mwa 1981 mama alikuwa haoni kabisa, presha ya macho ilikuwa imemaliza kazi yake, na kilichomtesa zaidi, kama alivyomwambia binti yake, ni kutojua siku imefika wapi, akilala mchana akiamka hajui kama ni asubuhi au jioni, akauliza wapita njia dirishani mpaka akaona haya. Marehemu akampelekea saa ya safari, akamwonyesha kitufe, mama akabonyeza, ikapiga saba, naye akauliza mbona ni saa moja na yenyewe inasema saba. Hakuna asiyejua jibu hapa, sisi tukisema saa moja mshale mfupi uko kwenye saba, mwenye macho anautazama anageuza kichwani bila kujua kwamba amegeuza, lakini mama hakuwahi kwenda shule, uso wa saa hakuuzoea hata alipokuwa anaona, na sasa kila akibonyeza ilibidi ahesabu kengele, kisha aongeze sita au apunguze sita, na akiwa na usingizi zinamchanganya. Basi Ijumaa tarehe 12 Juni 1981 marehemu aliileta saa dukani, akatoa mishale, akatoa uso, akasafisha kila kitu ndani, na aliporudisha mshale mfupi akaupachika umegeuka nusu duara, ili ukiwa kwenye saba kengele ipige moja, ukiwa kwenye nne ipige kumi, saa izungumze kama mama anavyozungumza. Akakwaruza alama yake kwenye bamba, akafunga. Mama alipobonyeza, mtoto akiwa bado hajavaa viatu vya chekechea, ikagonga mara moja, akacheka, akasema leo hii saa imejifunza lugha.

Kuanzia hapo mama akawa na siku yake tena. Alijua muda wa dawa, alijua muda wa taarifa ya habari redioni, na mjukuu alipoanza shule, kila siku kengele ikipiga kumi alinyanyuka, akashika ukuta wa kibaraza kwa mkono wa kushoto, hatua kumi na saba mpaka getini, akasimama pale kumpokea anatoka shule. Ile ndiyo ilikuwa kazi yake, na alikuwa akisema mtu akiwa na kazi haijalishi macho.

Mdogo wake alirudi Jumamosi tarehe 1 Septemba 1984, na cheti, na koti la kazi lenye nembo, na namna mpya ya kutembea. Jumatatu tarehe 3, asubuhi, dada yake alikuwa dukani, shemeji kiwandani, mtoto mkubwa shuleni na mdogo kwa jirani, mama amekunywa dawa zake za presha amepitiwa na usingizi kitini, na yeye akawa anazunguka nyumbani kwa kukosa la kufanya, kengele ya saa ya safari ikapiga tatu. Akatazama, mshale uko kwenye tisa. Kwa macho ya chuoni alikotoka lile lilikuwa kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, mshale umepachikwa kichwa chini miguu juu. Hakumuuliza mtu. Hakutoa uso wa saa, kwa sababu mshale unatoka bila kutoa uso, pini moja tu na kibano, akaugeuza, akausukuma mahali pake kwa kidole gumba, kisha akaisogeza mishale mbele saa sita, nyundo ameizuia kwa kidole asimwamshe mama, mpaka ule mfupi ukarudi kwenye tisa, dakika tano hazikufika. Kisha akavaa koti lake akaenda mgahawani kuwaona rafiki zake wa zamani.

Saa nne kengele ikapiga kumi. Mama akaamka, akabonyeza kitufe ahakikishe, ikarudia kumi, na siku hiyo ilikuwa ya mawingu, kibarazani hapakuwa na jua la kumwambia vingine, akaamini amelala mchana kutwa. Akashika ukuta, hatua kumi na saba, akasimama getini. Mtoto haji. Akasubiri, akaanza kuita, na watu waliopita, kama walivyosema baadaye, walidhani anamwita mtu wa ndani. Baada ya nusu saa hivi hofu ikamshinda, akaliachia geti akashuka barabarani, pale ambapo hajawahi kushuka peke yake tangu macho yafungike, akatafuta kwa mguu ukingo wa mtaro, akaukosa. Aliyemwona ni mshona viatu wa ng'ambo ya barabara, na alipomfikia, mama hakulalamika mguu, alimuuliza kama amemwona mtoto. Saa hiyo hiyo mdogo wake yuko mgahawani, chai mezani, anawavunja mbavu wenzake kwa habari za dada yake anayepachika mshale kinyume, na mmoja wao akasema basi huyo ni Fundi Kinyume, na yeye, mdogo wake, akalirudia jina lile kwa sauti, akalipenda, akalifanya lake.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini mama alimwambia binti yake kwamba saa imempigia kumi na mtoto hakuja, na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kuelezwa kitu mara mbili, alielewa palepale. Jioni hiyo alirudi nyumbani, akautoa mshale, akatoa na uso, akaurudisha ulivyokuwa kwa mama, akaandika kwenye bamba, akafunga, na alipoulizwa na mama akasema saa ilikuwa imechoka, ilihitaji mafuta. Kwa mdogo wake hakusema neno. Wote wakaambiwa bibi ameteleza.

Laiti ingeishia hapo. Wiki iliyofuata mdogo wake akakuta mshale umerudi kinyume, akachukulia kwamba dada yake anamfanyia kusudi kwa sababu ya cheti, akaenda dukani, mbele ya wateja watatu na karani wa mahakama aliyekuja kuhusu saa ya mnara, akasema huyu dada hajui kupachika mshale na akionyeshwa hataki kujifunza, afadhali watu walete saa zao kwa aliyesoma. Marehemu alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka mezani taratibu, akasema saa ya mama iache ilivyo, akaendelea na kazi ya mteja. Mdogo wake aliuona ule utulivu kama dharau. Januari 1985 akafungua duka lake mtaa wa soko jipya, saa ya mahakama ikamfuata, ya maktaba ikamfuata, na kila mteja aliyesita alipewa hadithi ya Fundi Kinyume, ikanogeshwa, ikatiwa chumvi, mpaka watoto wa shule wakawa wanampigia kelele marehemu wanapopita. Mama alifariki Jumamosi tarehe 11 Mei 1985, hakutembea tena tangu ile Septemba, na ndugu hawa wawili walisimama pande mbili za kaburi. Mdogo wake hakujua. Hilo halimsaidii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Marehemu alibaki na saa za kuamshia, saa za jikoni na saa za mkononi za watu wa mtaa huu, na mwaka 1991, alipoona wageni wanaulizia jina la utani kuliko la kwake, alimwita mchora mabango akaandika juu ya mlango, kwa rangi nyekundu, Kwa Fundi Kinyume, na alipoulizwa haoni aibu alijibu kwamba jina limeshatembea, heri liwe na mahali pa kukaa. Mdogo wake alipita pale kwa gari, akalisoma bango, akacheka, akadhani dada yake amekubali kushindwa. Walisalimiana kwenye harusi na misiba, shikamoo dada, marahaba, watoto hawajambo, hawajambo, yakaisha. Miaka arobaini kasoro.

Kuhusu ugonjwa, mikono ya marehemu ilianza kutetemeka mwaka 2016, akaacha saa ndogo, mwaka 2019 akaacha zote, na mwaka jana madaktari walisema moyo umepanuka. Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 27 Septemba 2024 katika hospitali ya wilaya, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Mdogo wake alikwenda kumwona Jumapili tarehe 6 Oktoba, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaongea mambo ya hali ya hewa, na kwa kukosa la kusema akamwambia kwamba naye ameacha kazi, macho hayaoni tena, duka amelifunga tarehe 30 Septemba na vifaa amewagawia vijana. Marehemu akamuuliza kama ni kweli ameacha, hatashika tena bisibisi ya mtu. Akajibu ni kweli. Dada yake akasema basi, sasa unaweza kuifungua ile saa ya mama, mafuta yatakuwa yamekauka, na ukifungua anza kwa kutoa uso. Mdogo wake alinyanyuka akiwa amenuna kidogo, kwamba hata kitandani dada yake anamfundisha kazi, akaahidi kurudi Jumanne alasiri. Marehemu alifariki Jumanne hiyo, tarehe 8 Oktoba, saa mbili kasorobo asubuhi, binti yake amemshika mkono.

Jumatano mdogo wake aliifungua saa, mezani kwa binti wa marehemu, akaanza kwa kutoa uso kama alivyoambiwa. Kwenye bamba kuna alama ya baba ya 1963, na chini yake kwa mkono wa dada yake kumeandikwa 12.6.81, mshale nusu duara, kwa ajili ya mama. Chini yake, 3.9.84, umerudishwa. Halafu mafuta, mafuta, mafuta, kila miaka michache, mpaka ya mwisho ya 2015 ambayo herufi zake zinayumba. Hakuhitaji mtu wa kumtafsiria tarehe ya tatu Septemba. Alimuuliza mpwa wake kama alijua, na mpwa wake akasema alijua tangu utu uzima wake, alikatazwa kusema, mama yake alimwambia mjomba wako ana mikono mizuri, mizuri kuliko yangu, akilijua hili haitatulia tena, tumwache afanye kazi. Kwa hiyo alimsubiri mpaka aiweke chini bisibisi ya mwisho. Alibeba jina alilopewa, akalipaka rangi nyekundu, akakaa chini yake miaka thelathini na tatu, ili mikono ya aliyempa isitetemeke.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa yule daktari kijana aliyekuwa anambonyezea marehemu kitufe cha saa yake ya mkononi ili amchekeshe, inawashukuru majirani waliopika na kufagia na kulala nasi siku zote hizi, mshona viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye sasa ni mzee sana na amekuja, wafanyakazi wenza wa binti wa marehemu, wapiga chapa wastaafu, na mafundi saa wote, pamoja na wale waliocheka hadithi ya Fundi Kinyume kwa sababu walisimuliwa na mtu waliyemwamini. Bango la dukani halitashushwa, watoto wa marehemu wamekataa, wanasema mama yao alilitundika mwenyewe.

Safari ya kwenda makaburini ni saa kumi kamili. Hapo mtaisikia saa iliyo mezani ikigonga mara kumi, na walio karibu watauona mshale mfupi uko kwenye nne, na wapo mafundi kati yenu ambao mkono utawawasha. Naomba asiiguse mtu. Saa ni nzima, Dada hakuwahi kukosea mshale hata siku moja, aliyekosea ni mimi, mdogo wake, nilikosea saa, nikamkosea mama, nikakukosea wewe, na wewe ulijua muda wote huo ukaninyamazia.

Shikamoo, Dada. Pumzika kwa amani, uso nimeutoa, nimesoma.